Forester au RAV4? Naomba ulinganisho kabla ya Jumamosi

Nuru_ya_Asubuhi

Wakuu habari za leo. Nimekuwa msomaji tu humu kwa muda mrefu, leo nimekuja na shida yangu. Nataka kununua gari wiki hii, Subaru Forester au Toyota RAV4. Yote mawili ni ya mtumba. Forester ni ya kijivu na kwa macho imetunzwa vizuri. RAV4 ni nyeupe, ina mkwaruzo mlango wa nyuma. Kuhusu Subaru nimesikia mengi, wengine wanasema injini zake zinasumbua, wengine wanaapa hawahami hata kwa viboko. Mnanishauri nichukue ipi? Jumamosi naenda kuyakagua.

Shika Usukani

Karibu sana. Ila mkuu umetutajia rangi na mkwaruzo, ukaacha yote tunayohitaji. Forester ya mwaka gani? Ina turbo au haina? Otomatiki au manyuo (gia za mkono)? Imetembea kilomita ngapi? Forester imeanza 1997 na imebadilishwa mara kadhaa, ya 2004 na ya 2014 ni magari mawili tofauti kabisa ukifungua boneti. Moja lina mkanda wa taiming (ule unaooanisha vali na pistoni), jingine linafanya kazi hiyo kwa cheni. Ukiuliza "Forester ikoje" ni sawa na kuuliza "watoto wa mzee fulani wakoje". Yupi kati yao?

Safari Ndefu

RAV4. Ninayo mwaka wa nane huu. Oili kwa wakati, chujio, plagi, basi. Sijawahi kulala njiani. Spea kila mahali, na fundi yeyote anaijua. Subaru ni gari zuri, silipingi, lakini linataka mtu wa kulijua. Wewe unalijua?

Kijana555

Subaru, tena chukua yenye turbo kabisa! Ukishazoea jinsi inavyoshika barabara ya vumbi kwenye kona huwezi kurudi kwenye gari la kuvuta mbele. Hawa watu walichukua ubingwa wa dunia wa watengenezaji wa magari ya rali mara tatu mfululizo, 1995, 1996 na 1997. Madereva wao watatu walitwaa ubingwa wa dunia: Colin McRae 1995, Richard Burns 2001, Petter Solberg 2003. Safari Rally ya 1997 alishinda McRae na Subaru Impreza, ya 2000 akashinda Burns na Impreza. Gari lililomaliza Safari Rally litashindwa na njia ya kwenu?

Shika Usukani

Kijana555 kaka, lile gari la McRae lilikuwa na helikopta juu na mafundi njiani. Hilo la mtumba lina mmiliki aliyetangulia ambaye hatujui alikuwa anaweka oili gani. Tumsubiri mwenye swali.

Mzee wa Boksa

Nimefungua injini hizi zaidi ya miaka ishirini, nitasema ninachokijua kwa mikono yangu.

Boksa ni injini iliyolala. Pistoni mbili kulia, mbili kushoto, zinaenda na kurudi kama watu wawili wanaopigana ngumi, moja inaua mtikisiko wa mwenzake. Injini inakaa chini, uzito wa gari unakaa chini, ndiyo sababu Forester ni ndefu kwenda juu lakini haiyumbi kwenye kona kama unavyotarajia. Hiyo ndiyo raha yake.

Sasa taabu yake. Injini ikilala, ina hedi (vichwa vya injini) mbili, kwa hiyo gasketi za hedi mbili. Plagi zinatazama ubavuni mwa gari, kuzifikia unapindisha mkono mpaka kiwiko kinachubuka. Na maji ya kupoza yakiisha au yakibaki na hewa ndani, haisamehi. Fundi aliyezoea injini za kusimama anajaza rejeta, anaona maji yamefika juu, anafunga mfuniko. Hewa imebaki ndani. Mwenye gari anaondoka, baada ya kilomita chache sindano ya joto inapanda ghafla, na hiyo ndiyo siku gasketi inaondoka. Halafu lawama anabebeshwa Mjapani.

Kwa kujaza maji: inua pua ya gari, fungua kile kiskrubu cha hewa juu ya rejeta, jaza polepole, washa hita ya ndani mpaka mwisho, acha injini ipate moto mpaka feni iwake na kuzima mara mbili, ongeza maji. Inachukua karibu saa nzima. Fundi anayemaliza kwa dakika kumi hajajaza.

Kweli kuna injini zilizozaliwa na udhaifu. Zile za lita 2.5 za familia ya EJ za mwishoni mwa miaka ya 90 na mwanzo wa 2000, gasketi zake zinajulikana dunia nzima. Ila za lita 2.0 zisizo na turbo, ambazo Wajapani wengi walizitumia kwao, ni injini za kudumu. Usichanganye hizi mbili.

Tuambie mwaka.

Nuru_ya_Asubuhi

Asanteni. Samahani kwa kuacha hayo. Forester ni ya 2009, otomatiki, haina turbo, injini lita 2.0. RAV4 ni ya 2008, otomatiki, lita 2.4. Zote zimetembea kati ya kilomita laki moja na ishirini na laki moja na arobaini, kama saa zake zinasema kweli.

Mzee wa Boksa

Vizuri. Hiyo Forester ni ya kizazi cha tatu, ile ya 2007 mpaka 2012. Ya 2009 bado ina injini ya EJ20 yenye mkanda wa taiming. Mwishoni mwa 2010 ndipo walipoweka FB20 yenye cheni.

Mkanda unabadilishwa kwenye kilomita laki moja hivi. Swali lako la kwanza kwa mwenye gari ni hilo: mkanda ulibadilishwa lini, na nani, na karatasi iko wapi? Kwenye EJ pampu ya maji inazungushwa na mkanda huohuo, kwa hiyo aliyebadilisha mkanda akaacha pampu na zile roli za kukazia amefanya nusu ya kazi. Na mkanda ukikatika kwenye injini hiyo vali zinagongana na pistoni. Hapo unanunua hedi.

Kama hana karatasi, hesabu kwamba haujabadilishwa. Usibishane naye.

Safari Ndefu

Mnaona? RAV4 ya 2008 ina cheni. Hakuna kuuliza mkanda.

Shika Usukani

Safari Ndefu, tuwe wa haki basi. Injini ya 2AZ ya lita 2.4 ya miaka hiyohiyo inajulikana kwa kula oili kwenye baadhi ya magari, ringi za pistoni. Naye akague. Gari likiwa limelala usiku, achomoe kijiti cha oili, atazame kiwango, na atazame moshi wa bluu linapowashwa asubuhi. Cheni haimsaidii mtu anayetembea na oili nusu.

Safari Ndefu

Ni kweli, hilo lipo. Yangu haili, lakini nakubali lipo.

Tairi Nne

Dada au kaka Nuru, kabla hujatazama injini, tazama matairi. Nisikilize, nitaandika kirefu kwa sababu niliumia.

Nilikuwa na Subaru Legacy ya stesheni wageni (station wagon), otomatiki ya gia nne kama hiyo Forester. Matairi ya mbele yalikuwa vipara. Nikaenda duka moja la matairi, jina lake nalihifadhi, nikasema nataka mawili mapya mbele. Kijana akaniuliza saizi tu, akafunga. Kampuni tofauti na yale ya nyuma, namba za saizi zilezile ubavuni. Hakuna aliyeniambia neno, na mimi sikujua kwamba kuna la kuuliza. Kitabu cha gari kilikuwa ndani ya kisanduku cha mbele muda wote, kimeandikwa wazi kwamba matairi yote manne yawe ya saizi moja, aina moja, na yaliyolika sawasawa. Sikukifungua.

Gari hili linavuta mbele na nyuma muda wote. Tairi jipya ni nene, mzunguko wake ni mrefu kidogo kuliko wa tairi lililolika. Tofauti ni milimita, lakini kila mzunguko mbele na nyuma zinatofautiana, na ndani ya mkia wa giaboksi kuna klachi ya sahani nyingi inayounganisha mbele na nyuma. Hiyo klachi inasuguana kila mita ya safari. Nilisafiri safari moja ndefu ya siku mbili, mwendo wa juu, gari limejaa.

Niliporudi nikaona, nikikata usukani mpaka mwisho kuegesha, gari linakuwa zito, linaruka-ruka kama kuna mtu ameshika breki ya mkono. Nikaenda kwa fundi, akasema breki. Tukabadilisha pedi. Haikupona. Akasema beringi ya mbele. Tukabadilisha zote mbili. Haikupona. Akasema jointi za eksi. Nikanunua. Mwezi wa pili huo, na kila siku nikiingia langoni kwangu nasikia ule mruko chini ya miguu, moyo unaniuma.

Fundi wa tatu, mzee mmoja, hakugusa kitu. Alilizungusha gari duara moja kwenye lami kavu, usukani mpaka mwisho, akashuka, akazunguka akitazama matairi. Akachukua kamba, akaizungusha tairi la mbele, akaweka alama kwa kucha, akaenda kuizungusha la nyuma. Kamba ikazidi upana wa kidole. Akanitazama tu. Halafu akavuta kijiti cha oili ya giaboksi akaninusisha. Harufu ya kuungua.

Klachi ya nyuma ilikuwa imekwisha. Kufungua mkia wa giaboksi, sahani mpya, oili mpya, na matairi manne mapya ya aina moja. Kabla ya matengenezo alinifundisha kwamba Legacy yangu ilikuwa na mahali pa kuweka fyuzi chini ya boneti, panaandikwa FWD. Ukiweka fyuzi pale, taa ya FWD inawaka kwenye dashibodi na gari linavuta mbele tu. Imewekwa kwa ajili ya siku unapotumia tairi la akiba. Kama ningeijua mapema ningeokoa giaboksi.

Kwa hiyo ukienda Jumamosi, tazama matairi yote manne. Kampuni moja? Jina moja? Yamelika sawa? Halafu fanya lile duara. Ukikuta mawili ya aina hii na mawili ya aina nyingine, ujue mwenye gari hakufundishwa, na yaliyobaki ndani huyaoni.

Gia ya Tano

Pole sana Tairi Nne. Yaani umenifanya nikatazame yangu sasa hivi usiku. Yako sawa, namshukuru Mungu.

Mzee wa Boksa

Alichoandika Tairi Nne kibandikwe juu ya ukurasa. Hata upepo uwe sawa. Tairi moja likipungua upepo sana nalo linafanya yaleyale, polepole.

Kijana555

Hiyo klachi ya sahani ni ya otomatiki. Chukua manyuo yenye turbo, Impreza au Forester, ina difu ya katikati, tena ule mlio wake! Na injini yenyewe imetoka kwenye ndege za vita, hawa walikuwa watengenezaji wa ndege.

Mkulima wa Nyota

Kijana555, la ndege ni kweli, la injini si kweli, nami nalipenda jambo hili kiasi kwamba siwezi kuliacha lipite.

Mwaka 1917 Nakajima Chikuhei, mhandisi aliyeacha jeshi la majini la Japani, alianzisha karakana ya ndege mjini Ota, mkoa wa Gunma. Ikakua ikawa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa ndege Japani. Injini yao ya Sakae ndiyo iliyoendesha ile ndege ya Zero. Lakini Sakae ni injini ya silinda 14 zilizopangwa duara kama petali za ua. Si boksa. Boksa ya Subaru ilikuja 1966 kwenye gari lililoitwa Subaru 1000, likivuta mbele. Kabla ya hapo kulikuwa na Subaru 360 ya 1958, kagari kadogo ka injini ya nyuma, chini ya sentimita za ujazo 360, ambako Wajapani walikaita mdudu kibibi kwa umbo lake la duara.

Katikati ya ndege na gari kuna jambo. Vita vilipoisha 1945 walikatazwa kuunda ndege. Watu waliokuwa wakichora mabawa wakajikuta wanatafuta la kufanya. Mwaka 1946 wakatoa skuta, Rabbit, na zile za mwanzo zilitumia magurudumu ya mkiani ya ndege yaliyokuwa yamebaki ghalani. Kampuni ikagawanywa vipande 12 mwaka 1950. Mwaka 1953 vitano kati ya vipande hivyo vikaungana tena, vikaunda Fuji Heavy Industries.

Sasa tazama nembo. Nyota sita, moja kubwa na tano ndogo. Tano ni zile kampuni, kubwa ni iliyozaliwa kwa kuungana kwao. Na Subaru ni jina la Kijapani la kikundi cha nyota ambacho sisi tunakiita Kilimia. Jina alilichagua rais wa kwanza wa kampuni, Kita Kenji, na neno lenyewe linabeba maana ya kukusanyika pamoja. Kila nikipita nyuma ya Subaru nasoma Kilimia.

Gia ya Tano

Nimekaa na Subaru miaka kumi na moja sikuwahi kujua nimepanda Kilimia. Bibi yangu alikuwa akitoka nje alfajiri akikitafuta kabla ya kushika jembe.

Mzee wa Boksa

Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Baba alikuwa akisema hivyo. Lakini yeye alihesabu nyota saba.

Mkulima wa Nyota

Mzee shikamoo. Wenye macho makali huona saba na zaidi, wengi wetu tunaishia sita. Kwa darubini ni mamia. Kampuni ilichora sita.

Kijana555

Sawa, nimekubali la injini. Lakini mlio?

Mkulima wa Nyota

Mlio ule wa kukatika-katika unatokana na mabomba ya moshi yasiyolingana urefu kutoka upande wa kulia na wa kushoto. Moshi wa upande mmoja unachelewa kufika. Walipoyasawazisha kwenye injini za baadaye, mlio ukapotea. Boksa peke yake hailii hivyo.

Safari Ndefu

Na siku hizi si Subaru ni ya Toyota? Basi akinunua RAV4 amenunua baba wa yote.

Mkulima wa Nyota

Toyota ina hisa, haimiliki. Iliingia 2005 iliponunua sehemu ya hisa zilizokuwa za General Motors, na tangu 2020 inashika asilimia 20. Nissan nayo ilikuwa na hisa miaka ya nyuma. Mwaka 2012 wakatoa gari moja la pamoja kwa majina mawili, Subaru BRZ na Toyota 86, injini boksa, linaundwa Gunma. Mwaka 2017, miaka mia tangu Nakajima aanze, Fuji Heavy Industries wakabadili jina la kampuni nzima likawa Subaru. Bado wanagusa ndege, kisanduku cha kati cha bawa la Boeing 787 kinatoka kwao.

Shika Usukani

Wadau, tumefika mbinguni na mwenye swali tumemwacha chini. Nuru, hujatuambia jambo moja kubwa. Gari ni la nani na litafanya kazi gani? Watu wangapi? Njia gani? Anayeendesha ni wewe?

Nuru_ya_Asubuhi

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Tairi Nne pole, na asante. Mimi ni dada.

Gari ni la mama. Ana miaka 68, bado anaendesha mwenyewe na hataki dereva. Magoti yanamsumbua, kwenye gari la chini anashindwa kuinuka, kwenye la juu sana anashindwa kupanda. Kutoka nyumbani mpaka barabara ya lami ni kilomita saba za udongo mwekundu na kuna mteremko ambao mvua ikinyesha ni sabuni. Anatoka mara mbili kwa wiki, kliniki na ibada.

Sikutaka kusema mwanzoni, lakini sababu ya Forester kuwemo ni hii. Baba alikuwa na Subaru Leone, ile ya stesheni. Iko uani mpaka leo, chini ya turubai. Aliendesha mteremko ule miaka yote, na mama anasema alikuwa akijua baba amefika kwa mlio kabla hajaliona gari. Nilipomtajia Forester alinyamaza, halafu akasema, "Kama ni Subaru, sawa." RAV4 hakusema kitu.

Safari Ndefu

Dada, mimi nimekuwa nikisukuma RAV4 tangu juzi. Kwa mama mwenye magoti na mteremko wa sabuni, nasogea. RAV4 inavuta mbele, nyuma inaamka ikihisi mtelezo. Forester iko tayari kabla hujateleza. Bado nasema spea na fundi viangaliwe. Je, kuna fundi wa karibu anayejua boksa? Hilo ndilo litakalomsumbua mama.

Mzee wa Boksa

Kwa magoti Forester ya kizazi hicho ni nzuri sana. Kiti chake kiko usawa wa nyonga ya mtu wa kimo cha kawaida, unajigeuza na kukaa, hupandi wala hushuki. Milango inafunguka wazi. Mwende na mama mwenyewe, apande na kushuka mara tano. Mara moja haitoshi, goti linalalamika mara ya tatu.

Ukaguzi wa Jumamosi, kwa ufupi. Fika injini ikiwa baridi, gusa boneti kwa kiganja, ikiwa ya moto waambie mtarudi kesho. Fungua tangi la akiba la maji, tazama kama kuna oili au rangi ya kutu. Washa, liache lipate moto kabisa, tazama kama mapovu yanapanda kwenye tangi hilo mfululizo, na unuse kama kuna harufu ya moshi. Piga magoti utazame chini ya injini, pale hedi inapokutana na bloku, pande zote mbili, kwa kurunzi. Unyevu wa oili si mwisho wa dunia, alama za maji yaliyokauka ni onyo. Kisha duara la Tairi Nne.

Gia ya Tano

Na kama anaweza kusubiri, atafute ya 2011 au 2012 yenye cheni na bado ina giaboksi ya gia nne. Kizazi kilichofuata kina CVT (giaboksi otomatiki isiyo na gia za hatua), na oili yake lazima iwe ile yenyewe.

Shika Usukani

FB za mwanzo nazo zina habari yake ya kula oili, Marekani kampuni iliishia kufanya makubaliano na wamiliki mahakamani mwaka 2016. Cheni si dawa ya kila kitu. Mimi nachagua EJ20 yenye karatasi ya mkanda kuliko FB isiyo na historia.

Gia ya Tano

Na mimi naichagua FB iliyokuwa ikipimwa oili kila wiki. Tusilimalize hapa.

Nuru_ya_Asubuhi

Tumerudi. Boneti ilikuwa baridi. Hakuna mapovu. Karatasi ya mkanda ipo, ilibadilishwa kilomita elfu kumi na nane zilizopita, lakini pampu ya maji haikuandikwa. Duara limeenda laini, sikuhisi mruko. Ila matairi: matatu ya kampuni moja, la nne nyuma kushoto ni la nyingine, na ni jipya kuliko wenzake. Mwenye gari anasema lilipasuka akaweka hilo mwezi uliopita.

Mama amepanda na kushuka mara tano, mzee, kama ulivyosema. Mara ya tano hakushuka. Alikaa ameshika usukani, akauliza, "Tairi la akiba liko wapi?" Nikamwambia nyuma. Akasema la baba lilikuwa mbele, juu ya injini.

RAV4 tutaiona kesho.

Tairi Nne

Mwezi mmoja, tairi moja. Muulize ametembea kiasi gani tangu aliweke. Kama ni safari fupi za mjini, huenda umewahi. Mwambie anunue matairi manne au apunguze kwenye bei, na oili ya giaboksi uinuse kwa pua yako mwenyewe, usimwachie mtu.

Mzee wa Boksa

Pampu isiyoandikwa, hesabu haijabadilishwa. Uiweke kwenye bajeti.

Tairi la akiba juu ya injini ni kweli, Leone ilikuwa hivyo, ukifungua boneti unakutana na gurudumu kwanza. Dada, hiyo Leone ni ya mwaka gani? Ina kile kifimbo cha kuingiza 4WD (kuvuta magurudumu yote manne) katikati ya viti?

Nuru_ya_Asubuhi

Kifimbo kipo. Mwaka nadhani 1983, kadi iko kwenye kabati la mama. Iliegeshwa miaka sita iliyopita ikiwa inatembea.

Mkulima wa Nyota

Iliegeshwa ikiwa inatembea! Subaru walianza kuuza stesheni wageni ya 4WD kwenye Leone mwaka 1972. Wazo lilitoka kwa kampuni ya umeme ya kaskazini mwa Japani iliyotaka gari la kufuata nguzo kwenye theluji bila kuwatesa mafundi ndani ya jipu. Hiyo ya baba yako ni ukoo huo. Tafadhali msiiuze kama chuma chakavu.

Mzee wa Boksa

Ya 1983 huwa na injini ya EA71 au EA81. Hazina mkanda wa taiming wala cheni, zinaendeshwa na gia. Hicho ndicho chuma kisichokufa. Usijaribu kuiwasha. Kwanza toa plagi nne, mimina oili kidogo kila silinda, iache usiku mzima, halafu zungusha injini kwa mkono kwa spana kwenye puli ya mbele. Ikizunguka niambie. Mafuta ya zamani kwenye tangi yatolewe yote, kabureta ifunguliwe, hosi zote za maji zikaguliwe.

Kijana555

Dada, na picha! Tunaomba picha turubai ikifunuliwa.

Safari Ndefu

Na RAV4 kesho msiisahau. Kijiti cha oili, injini ikiwa baridi.

Nuru_ya_Asubuhi

Sitasahau. Mzee, spana ya puli ni namba ngapi? Mdogo wangu yuko uani tayari.